Mama Yangu Yumo Shavuni mwa Mgonjwa Wako

Taphan Hin, Mkoa wa Phichit
Ijumaa, 14 Novemba, mwaka wa Buddha 2568

Kwa Daktari Orawan,
Kliniki ya ngozi iliyo juu ya duka la miwani,
Phitsanulok.

Daktari mheshimiwa,

YAH: KUSIMAMISHA UFUTAJI WA MAMA YANGU MZAZI

Nakuandikia nikiwa na afya njema, akili timamu, na miwani mipya niliyoinunua hapo chini ya kliniki yako, siku niliyokuja kukuona ana kwa ana na ujasiri ukaniishia kwenye ngazi ya sita. Sikutaka kuonekana nimesafiri bure, ndipo nikanunua miwani. Inanisaidia sana kuandika barua hii.

Jina langu ni Sawaeng Phromket, mwenye umri wa miaka sitini. Kwa miaka thelathini na minne nilisoma mita za maji za mji huu, nyumba kwa nyumba, na tangu nilipomaliza shule ya sekondari sijawahi kulala bila kuandika shajara. Nayataja haya ili ujue kwamba kila tarehe iliyomo humu ni ya kweli na inaweza kukaguliwa.

Jumamosi ya tarehe 22, saa nne asubuhi, unatarajia kumpokea mgonjwa wako Sasikan, miaka ishirini na mmoja, mwanachuo wa ualimu, ambaye sisi nyumbani tunamwita Linchi. Itakuwa mara ya tano kwako kumpiga mwanga wa leza kwenye baka la bluu lililo chini ya jicho lake la kushoto. Umemwambia kwamba safari hii huenda likaisha kabisa. Amefurahi sana. Ameimba nyumba nzima.

Daktari, lile si baka. Lile ni dole gumba langu. Na yule si mpwa wangu tu, mtoto wa dada yangu Chaluai. Yule ni mama yangu mzazi, Bi Bunruean, aliyefariki tarehe 9 Septemba 2546 na kurejea kwetu tarehe 4 Agosti mwaka uliofuata, akiwa na kilo tatu na robo.

Wewe ni mtu wa huku, huhitaji kufundishwa. Baada ya watu kumwagia maji mikono ya marehemu, na kabla jeneza halijafungwa, mimi kama mtoto wa kwanza nilichukua masizi chini ya chungu cha wali nikampaka Mama alama, ili akirudi kuzaliwa tumtambue. Shajara yangu ya siku hiyo inasema: "Saa tisa alasiri. Masizi safi. Dole gumba la kulia. Shavu la kushoto la Mama, chini ya jicho. Chaluai amenuna."

Chaluai alinuna kwa sababu alitaka nimpake mgongoni. "Kaka, mpake mgongoni! Mpake hata kwenye goti! Akirudi mtoto wa kike je?" Nilimjibu kitaalamu. Nilimwambia kwamba mita hufungwa mahali pa kusomeka. Mita iliyofungwa nyuma ya choo inamsumbua kila mtu mwaka mzima. Sikutaka kila ninapohitaji kumtambua Mama nianze kumwomba mtu avue shati. Chaluai akasema, "Haya. Lakini wewe ndiye utakayemweleza." Nikasema nitamweleza.

Miezi kumi na mmoja baadaye Chaluai alijifungua, mkunga akamgeuza mtoto, na hapo chini ya jicho la kushoto likaonekana baka la bluu na kijivu, refu kiasi, pana kiasi, lenye ukubwa ule ule. Nilipiga magoti pale pale wodini nikamsalimu. Mkunga aliniletea kiti akidhani nimezimia.

Sasa naomba uniruhusu nitoe malalamiko yangu kwa mpangilio.

Lalamiko la kwanza: kuharibu kazi ya mtu bila kumshauri. Alama ile niliitengeneza mimi. Imedumu miaka ishirini na miwili, ikapitia kifo, mimba na kuzaliwa, na haikufifia hata kidogo. Hakuna rangi ya ukuta katika mkoa huu inayoweza kujisifu hivyo. Wewe, Daktari, umekuja na mashine inayolia kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, na kwa mara nne tu umeifuta kazi hiyo robo tatu. Nimeipima. Tarehe 10 Januari ilikuwa na urefu wa sentimita nne na nusu. Juzi ilikuwa sentimita moja, tena kwa kukisia, kwa sababu Linchi alininyang'anya rula akasema, "Mjomba, mimi si kitambaa cha shati!"

Lalamiko la pili: fomu yenu. Linchi aliniachia nakala yake nikaisoma yote, mbele na nyuma. Mnauliza kama mgonjwa ana mzio. Mnauliza kama ana mimba. Mnauliza kama hivi karibuni ameota jua. Hakuna mahali popote mnapouliza, "Je, alama hii ilipakwa na mtu? Je, mtu huyo yuko hai? Je, ana maoni?" Isitoshe, mmeandika umri wa mgonjwa kuwa miaka ishirini na mmoja. Hiyo ni nusu ya hesabu. Mama alizaliwa mwaka 2475, kwa hiyo aliyelala kwenye kitanda chako akiwa amefunikwa macho ni ajuza wa miaka tisini na mitatu. Hospitali gani ingemfanyia ajuza wa miaka tisini na mitatu jambo lolote bila mwanawe mkubwa kutia sahihi? Mwanawe mkubwa ni mimi. Sikutia sahihi. Kalamu nilikuwa nayo.

Lalamiko la tatu linahusu mwenendo wa mgonjwa baada ya matibabu, na hapa naomba uwe makini kwa sababu nina ushahidi. Miaka yote Linchi alikuwa Mama mtupu. Akiwa na miaka minne alinifokea kwa kuacha viatu mlangoni, kwa sauti ile ile, mkono kiunoni. Akiwa na miaka kumi alikataa kula pilipili za dukani akisema zimelala. Mama alikuwa akisema hivyo hivyo. Lakini tazama shajara yangu ya mwaka huu:

Wiki moja baada ya leza ya kwanza, nilimchotea supu, akasema, "Asante, Mjomba." Mama hakuwahi kuniambia asante tangu nizaliwe. Baada ya ile ya pili, alianza kunywa kahawa yenye povu. Baada ya ile ya tatu, nilimsimulia kile kisa changu cha mbwa aliyelala juu ya mita, akacheka. Mama alikisikia kisa hicho mara zisizopungua arobaini na hakuwahi hata kutabasamu. Baada ya ile ya nne, Daktari, alinikumbatia stesheni, mbele ya watu, bila sababu.

Wengine watasema haya ni maendeleo. Mimi nasema ni uharibifu. Unamfuta Mama, na mahali pake anatokea msichana mwenye adabu.

Lalamiko la nne: MAMA AMEPELEKWA WAPI?

Nilipiga simu kliniki kwenu tarehe 29 Septemba, saa tatu na dakika kumi, nikapokewa na muuguzi mmoja mwenye sauti nzuri. Nilimuuliza rangi ikishafutwa inakwenda wapi. Akasema, "Baba, mashine inaivunjavunja iwe vumbi dogo sana, halafu mwili wenyewe unaliondoa polepole." Nikamuuliza linaondokea wapi. Akasema, "Njia za kawaida, Baba." Nikamuuliza njia za kawaida ni zipi. Akasema daktari ana mgonjwa.

Daktari, mimi uliyenifanyia hivi nimetumia maisha yangu yote kwenye kazi ya maji. Njia za kawaida mimi nazijua vizuri kuliko muuguzi wako. Najua bomba linaanzia wapi na linaishia wapi. Baada ya leza ya nne Linchi alilala siku mbili bwenini kwake Phitsanulok kabla ya kuja nyumbani. Bweni lile linamwaga mtaroni, mtaro unamwaga Mto Nan, na Mto Nan, kama ujuavyo, unateremka moja kwa moja mpaka hapa kwetu Taphan Hin. Kwa maneno mengine, Mama alikuwa njiani kuja nyumbani kwa maji.

Nilitupa gogo la mgomba mtoni nikatembea nalo sambamba ili kupata mwendo wa mkondo. Nikafanya hesabu. Mama angepita chini ya daraja letu siku ya Jumanne, kati ya saa nne na saa sita mchana. Nikaoga, nikavaa shati jeupe, nikashika maua ya asumini, nikasimama ukingoni nimekutanisha viganja kifuani. Kila maji yalipobadilika rangi kidogo nilikuwa nainama. Chaluai, ambaye kibanda chake cha tambi kiko pale darajani, aliniona akapaza sauti mbele ya wateja wake wote:

"Kaka! Unamsalimia nani huko?"

"Mama! Anapita!"

"Mama yupo nyumbani anafua nguo! Nimemwacha na beseni!"

Wateja walicheka mpaka mmoja akapaliwa na tambi. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaona kinachofuata. Mto Nan hausimami Taphan Hin. Unakwenda Nakhon Sawan, unaungana na Mto Ping, na kutoka hapo ni safari moja tu, mpaka Bangkok. Mama alikwenda Bangkok mara moja maishani, mwaka 2519. Alipotea ndani ya stesheni kwa saa tano, na aliporudi aliapa kwamba hatakanyaga tena mji ule. Sasa unampeleka kwa vipandevipande, bila miguu ya kukataa nayo.

Na Bangkok si mwisho. Baada ya Bangkok kuna bahari. Baharini kuna dagaa. Dagaa wanatiwa chumvi kwenye mapipa, wanakamuliwa, wanakuwa mchuzi wa chupa, na chupa zinasambazwa nchi nzima. Ifikapo mwakani, Daktari, watu ambao hawakuwahi hata kumjua Mama watakuwa wanamnyunyiza kwenye mayai. Na je, akiamua kuzaliwa huko huko alikosambaa? Tutakuwa na watoto mia, kuanzia hapa hadi pwani, kila mmoja na kidoa kidogo cha Mama, mmoja sikioni, mwingine kidevuni, na wote watanifokea kuhusu viatu. Ni nani atakayewazungukia? Nimestaafu. Magoti yangu ni mabovu.

Lalamiko la tano nimeliondoa. Nililiandika jana nikiwa na hasira na lilihusu mavazi yako.

Kabla sijafika kwenye la sita nataka kuwa mkweli, usije ukadhani kwamba sikumsikiliza mgonjwa. Linchi ana sababu zake, nami nimeziandika kama nilivyoandika zangu.

Baka lile linafanana na jeraha la ngumi. Mimi silioni hivyo, lakini nimekubali kwamba wengine wote wanaliona hivyo. Mwaka huu alipokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, watoto wa darasa la kwanza walimuuliza kila asubuhi, "Mwalimu, nani alikupiga?" Kila asubuhi. Alijaribu kuwaambia ni alama ya kuzaliwa. Mtoto mmoja akamuuliza, "Kwani ulipigwa ukiwa tumboni?" Na baba yake, shemeji yangu, mtu mpole anayeomba radhi akimkanyaga bata, ameshaonywa na wauguzi wawili, kondakta wa treni na mtawa mmoja kwamba kumpiga binti ni dhambi.

Wala sikukaa kimya. Linchi alipokuwa na miaka tisa alirudi shuleni analia, nami nikamtengenezea kadi ya kuvaa shingoni, kwa mwandiko wangu bora kabisa: SIJAPIGWA. MIMI NI BIBI YANGU MWENYEWE. Aliivaa siku moja. Aliporudi hakuwa analia tena. Aliniwekea kadi mezani, akaenda kulala saa kumi na moja jioni. Nimeiandika siku hiyo kwenye shajara kama siku ya mafanikio. Juzi nilipoisoma tena nilikaa nayo muda mrefu.

Chaluai kwa upande wake hajawahi kukubaliana nami hata siku moja. Nilipomkataza kumchapa Linchi, kwa hoja kwamba mtu hawezi kumchapa mama yake, alinijibu akiwa ameshika mwiko: "Huyu nimemzaa mimi, kwa saa kumi na nne! Wewe umemzaa kwa dole gumba?" Nimeandika swali hilo pembeni mwa shajara, na bado sina jibu.

Lalamiko la sita, ambalo ndilo lenyewe.

Daktari, jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Nakwambia wewe kwa sababu hunijui, na kwa sababu madaktari mna kiapo.

Mama alikuwa na mtungi wa pla ra. Unajua mambo hayo: samaki wa mtoni, chumvi na pumba za mchele, wamechachuka miaka miwili mpaka harufu yake inatangulia kumpokea mgeni. Ule ulikuwa mtungi bora wa mtaa. Watu walikuja na bakuli kuomba. Tarehe 5 Septemba 2546 wakubwa wangu wa kazi walikuwa wanakuja kula nyumbani kwa sababu nilikuwa nimepandishwa cheo kuwa mkuu wa wasoma mita. Mama alikuwa amekwenda hekaluni. Nikaona aibu ya harufu. Niliubeba mtungi mpaka kwenye mfereji nikaumwaga wote, nikauosha kwa sabuni, nikaufudikiza uani.

Mama aliporudi aliuona. Wakubwa wakaja, wakala, wakasifu, na mmoja wao akauliza kama tuna pla ra kidogo ya kusindikizia.

Kwa siku tatu Mama hakusema nami. Alinipikia, aliniwekea sahani, akaondoka. Nilipanga kumwomba radhi siku ya nne jioni, nikitoka kazini. Nililiandika kwenye shajara kati ya kazi za siku hiyo, lina namba. Siku ya nne saa mbili asubuhi moyo wake ulisimama akiwa anafagia. Mimi nilikuwa kwenye kinu cha mpunga nasoma mita. Nilikuwa nimeandika tarakimu tatu kati ya nne mtu alipokuja kuniita.

Sasa unaelewa kwa nini nilimpaka usoni. Nilitaka nimwone mara tu atakapofika.

Kila Songkran, mwaka mpya wetu wa Aprili, tunapowamwagia wazee maji mikononi na kuwaomba radhi, mimi namwagia Linchi. Tumefanya hivyo mara ishirini na moja. Mara ya kwanza alikuwa na miezi minane, akala asumini yote iliyokuwa kwenye bakuli. Akiwa na miaka saba alisema, "Nimekusamehe, nipe aiskrimu," lakini niliibatilisha radhi hiyo kwa kuwa alikuwa hajui kosa. Akiwa na miaka kumi na miwili alisinzia. Akiwa na miaka kumi na sita aliniangalia nikiwa nimepiga magoti na bakuli langu akauliza, "Mjomba, kila mwaka nikusamehe. Nikusamehe nini hasa?"

Sikumwambia. Nilitaka akumbuke mwenyewe. Mtu aliyekumbushwa kosa si shahidi. Nilijiambia kwamba alama ikiwepo, Mama yupo, na Mama akiwepo, siku moja atainua uso kwenye sahani na kusema, "Sawaeng, ule mtungi." Nami nitapata nafasi yangu.

Na wewe, Daktari, umebakiza sentimita moja.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na ninayapanga kuanzia ninalolitaka sana hadi ninaloweza kulivumilia. Usimamishe kikao cha Jumamosi ya tarehe 22. Kama haiwezekani, ubakize kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, karibu na sikio, ambapo nywele zitakifunika. Miwani yangu mipya inatosha. Kama haiwezekani, uihamishe alama: mashine yenye nguvu ya kuondoa bila shaka ina swichi ya kurudisha, na nimeshamwambia Chaluai kwamba sasa niko tayari kupokea hata mgongo. Na kama hilo nalo haliwezekani, basi kabla ya kubonyeza hicho kitufe chako, umuulize mgonjwa kwa sauti ya kawaida, kana kwamba ni utaratibu wa kliniki, kama anakumbuka chochote kuhusu mtungi. Umpe dakika moja. Ikiwezekana, mbili.

Naomba msamaha kwa urefu wa barua na kwa lile lalamiko la tano ambalo hukuliona.

Nifikishie salamu zangu kwa muuguzi mwenye sauti nzuri, kwa dada wa mapokezi, kwa bwana wa duka la miwani, kwa wagonjwa wote waliokaa foleni wakiwa na krimu nyeupe usoni kama vikaragosi wa maonyesho, na kwa mashine yenyewe, ambayo haina kosa.

Ni mimi, ninayekuheshimu huku nikikulalamikia,

Sawaeng Phromket
Msoma mita mstaafu, na mtoto wa kwanza wa mgonjwa wako

Nyongeza. Jumamosi, 15 Novemba, saa kumi jioni.

Daktari, naomba usifuate chochote nilichoandika hapo juu.

Linchi alifika kwa treni ya asubuhi, nami nilikuwa sokoni kutafuta bahasha. Barua ilikuwa mezani. Niliporudi nilimkuta amekaa nayo, anatafuna mbegu za maboga, machozi yanamtoka kwa kucheka, na anamsomea Chaluai habari za dagaa kwa sauti kubwa. Chaluai alikuwa ameshikilia nguzo. Nikataka kumnyang'anya. Akaniinulia kidole, akaendelea kusoma kimoyomoyo, na alipofika lalamiko la sita akaacha kutafuna.

Alisoma mpaka mwisho. Halafu akasimama, akaweka mkono kiunoni, na akaniita kwa jina langu tupu, bila "Mjomba".

"Sawaeng! Mimi ni mama yako au si mama yako?"

Nilimwambia ni mama yangu, ushahidi ninao.

"Basi mama yako anakwambia: lete maji."

Nikasema ni Novemba.

"Nimekuuliza mwezi?"

Nilileta bakuli. Hakukuwa na asumini, Chaluai akatupia majani ya giligilani kutoka kibandani. Nikapiga magoti, nikammwagia mikononi, na kwa mara ya kwanza nikalitaja kosa kwa mdomo wangu: mtungi, mfereji, sabuni, vyote. Akanisikiliza bila kuninyanyua. Kisha akasema, "Nimekusamehe. Na ule mtungi ulikuwa unanuka kweli."

Daktari, sijui ni nani aliyesema vile. Nimejaribu kuiandika kwenye shajara mara tatu, na kila mara kalamu inasimama kwenye jina.

Nilipotaka kuinuka akaniambia, "Bado. Hayo yalikuwa ya mama yako. Sasa niombe mimi radhi." Nikamuuliza kwa kosa lipi. Alinishika mkono wa kulia, akalibandika dole gumba langu pale chini ya jicho lake, akaliacha hapo. Nilimwomba radhi kwa hilo pia. Ilinichukua muda mrefu kuliko la mtungi, na sikuwa na tarehe yoyote ya kujishikiza, kwa sababu lilikuwa la kila siku.

Akasema hilo atalifikiria.

Baadaye aliniamuru, kama mama, nitie sahihi kwenye kipande cha karatasi kwamba naridhia kikao cha tano, na ninakiambatanisha humu. Kwa mujibu wa hoja zangu mwenyewe sikuwa na uwezo wa kukataa. Amesisitiza nikutumie barua yote, kwa sababu anasema unafanya kazi sana na hucheki. Jumamosi nitakuja naye, na safari hii nitapanda ngazi zote, maana amenieleza kwamba leza inauma kama mpira wa kufungia vifurushi unaofyatuliwa usoni mara mia, na kwamba mara zote nne alikuwa hana mtu wa kumshika mkono. Sikulijua hilo. Halikuwa kwenye fomu.

Sasa hivi yuko uani anaanua nguo. Nilitaka kumuuliza tupande treni ya saa ngapi, nikajikuta sijui nimwiteje. Nilifungua mdomo nikaufunga mara mbili. Mara ya tatu nikasema, "Linchi."

Hakugeuka hata kugeuka. "Nini tena, Mjomba?"

S.P.